MKIMBIAJI WA NNE: Somo Kutoka Mbio za Nyika za Chipukizi, Mombasa 2007

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili na mkaazi wa Likoni. Mwaka jana nilileta shairi katika jarida hili, nalo lilipungukiwa na mizani katika beti mbili, na mwalimu hakunificha. Mwaka huu nimeona bora nije na nathari. Walakini nawaonya mapema kwamba ndani yake mna hesabu kidogo, na mna jambo moja ambalo sijawahi kulisema mbele za watu.

Nianze na neno lenyewe. Mbio hizi tunaziita mbio za nyika. Sisi watu wa Pwani tunajua nyika ni nini: ni ile bara kavu yenye vichaka na miiba, ukishauacha ukanda wa minazi nyuma yako. Zamani ndugu zetu Wamijikenda waliitwa Wanyika kwa ajili hiyo, jina ambalo wazee wao hawalipendi mpaka leo, na wana haki. Kwa hiyo mbio za nyika ni mbio zinazokimbiwa nje ya uwanja, juu ya nyasi, matope, vilima na mashimo, mahali ambapo hakuna mistari myeupe ya kukuonyesha njia. Nchi zenye baridi kali wakati wa majira yao ya baridi hujifungia ndani ya majumba na kukimbia kwenye njia fupi ya mita 200 kwa mzunguko. Sisi hatuna jumba kama hilo. Chetu ni nyasi na jua.

Basi tarehe 24 Machi 2007, siku ya Jumamosi, mashindano ya ulimwengu ya mbio za nyika yalikuja hapa hapa Mombasa. Yalikuwa ya 35 tangu yaanze mwaka wa 1973 kule Ubelgiji, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuwa mwenyeji. Barani Afrika yalikuwa yamewahi kufanyika Moroko na Afrika Kusini tu. Wengi wetu tunapita mahali pale kila wiki bila habari. Ukishuka feri upande wa kisiwani, ukakata kulia kuelekea Mama Ngina, utaiona mibuyu mikubwa, bahari upande mmoja, na upande wa pili nyasi za uwanja wa gofu. Hapo ndipo. Mabingwa wa dunia walikimbia mahali ambapo mimi nikitoka mjini nikiwa na nauli ya kubahatisha huketi kuhesabu sarafu.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Niliyemuuliza ni shangazi yangu, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa shule kama mimi. Alivuka na wenzake kwenda kutazama. "Nilikwenda kumwona Bekele," aliniambia, "nikaona visogo vya watu." Anachokikumbuka zaidi ni joto. Anasema jua la Machi lile lilikuwa la kumkaanga mtu, upepo hakuna, na maji ya kunywa yaliuzwa kama dhahabu. Nilitaka anihadithie nani alimpita nani, lakini kwa hilo hakunifaa kitu. Ilinibidi nitafute mwenyewe.

Siku ile zilikuwako mbio nne. Wanaume wakubwa walikimbia kilomita 12, wanawake wakubwa kilomita 8, wavulana chipukizi kilomita 8 na wasichana chipukizi kilomita 6. Chipukizi kwa kanuni za mchezo huu ni yule ambaye hatatimiza miaka 20 kufikia tarehe 31 Disemba ya mwaka wa mashindano. Neno lenyewe tamu: limetoka katika kuchipuka, kama chipukizi la muhogo. Magazeti yakitaja mashindano haya hukimbilia mbio za wakubwa, na sababu naijua, nitaifikia. Lakini mimi ninayeandika nina miaka kumi na sita, na nimewaandikia wenzangu, kwa hivyo nitaanza na chipukizi.

Upande wa wasichana alishinda Linet Masai wa Kenya kwa dakika 20 na sekunde 52. Upande wa wavulana alishinda Asbel Kiprop, naye wa Kenya, kwa dakika 24 na sekunde 7. Wote wawili walikuwa na miaka 17. Na zawadi za timu za chipukizi, wavulana kwa wasichana, zilibaki Kenya.

Sasa chukua kalamu. Dakika 24 na sekunde 7 ni sekunde 1,447. Gawa kwa kilomita 8, utapata karibu sekunde 181, yaani dakika 3 na sekunde 1 kwa kila kilomita. Mshindi wa wanaume wakubwa siku hiyo hiyo, Zersenay Tadese wa Eritrea, alitumia dakika 35 na sekunde 50 kwa kilomita 12. Ukigawa unapata kama dakika 2 na sekunde 59. Tofauti kati ya kijana wa miaka 17 na bingwa wa dunia ni sekunde mbili kwa kilomita! Kweli, yule mkubwa aliongeza kilomita nne zaidi juu ya jua lile, na hizo ndizo zinazoua. Hata hivyo niliporudia hesabu hii mara tatu ndipo nilipoamini. Linet naye ukimgawia kwa sita utapata dakika 3 na sekunde 29 hivi. Kwa kulinganisha, mimi kilomita moja kwenye mchanga wa Shelly maji yakipwa huimaliza kwa dakika 5 nikiwa nimekula vizuri. Nacheka lakini nalia.

Sasa joto. Watu wengi husema wakimbiaji wa nyanda za juu wanashinda kwa sababu hewa ya kwao ni nyepesi. Ni kweli kwamba Iten iko juu kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na mwili uliozoea kule hujitengenezea damu yenye uwezo mkubwa wa kubeba oksijeni. Akiteremka Mombasa anapata oksijeni tele. Kwa hiyo ungedhani kwao ilikuwa kama karamu. Lakini kuna jambo jingine ambalo mwalimu wetu wa bayolojia alitueleza vizuri. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka, bali kwa kukauka. Likikauka huondoka na joto. Hewa ya Pwani imejaa mvuke wa bahari, haina nafasi ya kupokea mvuke zaidi, basi jasho hubaki juu ya ngozi linatiririka tu, na joto linabaki ndani. Ndio maana nguo iliyofuliwa Likoni mwezi wa Machi huweza kushinda kambani nzima ikabaki na ubichi.

Ndipo tunafika kwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Huyu tangu mwaka wa 2002 hadi 2006 alishinda mbio ndefu na mbio fupi za mashindano haya, zote mbili kila mwaka, jumla mataji kumi. Hapa Mombasa mbio fupi zilikuwa zimeondolewa, akabaki na ile ndefu. Alikuwa mbele akishindana na Tadese mpaka mzunguko wa mwisho. Tadese akampita. Na Bekele, ambaye kwa miaka mitano hakuna aliyemwona mgongo wa mtu katika mashindano haya, akasimama. Alitoka nje ya njia, hakumaliza. Moses Mosop wa Kenya akawa wa pili na Bernard Kipyego, Mkenya mwingine, wa tatu.

Mtu atasema ni joto la kwetu lililomtoa. Mimi pia nilisema hivyo mwanzo, na nilijivuna nalo, kana kwamba joto la Mombasa ni mali yangu. Lakini Tadese naye ni mtu wa milimani, Eritrea, nchi ambayo mji wake mkuu Asmara uko juu zaidi ya mita 2,000. Jua lilikuwa moja. Wote wawili walikuwa chini yake, mmoja akaendelea na mmoja akasimama. Kwa hiyo joto ni sababu, lakini haliwezi kuwa sababu yote. Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilifunga kitabu kwa siku mbili. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza lazima nifundishe jinsi timu inavyohesabiwa, maana wengi hapa shuleni, hata walio kwenye timu, hawajui. Katika mbio za uwanjani kila mtu na lake. Nyika si hivyo. Kwa chipukizi nchi huleta wakimbiaji sita. Kila anayemaliza hupewa pointi sawa na nafasi yake: wa kwanza pointi 1, wa ishirini pointi 20. Kisha huchukuliwa wanne wa mbele wa kila timu, pointi zao zikajumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Ukiwa na wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne unapata 1 na 2 na 3 na 4, jumla 10, na hapo hakuna binadamu wa kukushinda. Wa tano na wa sita hawahesabiwi, lakini kazi wanayo: kila wanayempita wa timu nyingine wanamsukuma nyuma na kumwongezea mzigo. Jumla zikilingana, hutazamwa mkimbiaji wa nne wa kila timu, na aliye mbele zaidi ndiye anayeipa timu yake ushindi.

Na sasa sikiliza hapa: timu ikimaliza na watatu tu, haina jumla. Hata kama hao watatu ni wa kwanza, wa pili na wa tatu. Timu haipo. Kwa hivyo mtu muhimu kuliko wote katika mbio za nyika si wa kwanza, kwani wa kwanza atapata medali yake kwa vyovyote vile. Muhimu ni wa nne, ambaye hapigwi picha, jina lake haliandikwi, na bila yeye wenzake watatu wamekimbia bure.

Katika mashindano yetu ya wilaya ndogo mwaka huu, mimi nilikuwa wa nne.

Shule yetu ilitakiwa ipeleke wasichana sita. Majina sita yaliandikwa. Asubuhi ile mmoja mamake alimkataza, ati msichana haendi kukimbia mbele za watu na kaptura, ingawa mwalimu alikuwa amekwishakubali wavae suruali ndefu na buibui fupi kwa atakaye. Mwingine aliamka mgonjwa. Tukabaki wanne. Mwalimu wa michezo akatuambia ndani ya matatu, "Mnne mmetosha, lakini hakuna wa ziada. Kila mmoja amalize, hata kwa kutambaa." Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Njia ilikuwa mizunguko mitatu, nyasi upande mmoja na mchanga wenye vumbi upande wa pili, kuanzia saa tano za mchana, jua likiwa utosini. Wakimbiaji tulikuwa thelathini na kitu. Mzunguko wa kwanza niliwafuata waliokuwa mbele kwa pupa, kosa ambalo kila mwenye kujua angenionya. Mzunguko wa pili masikio yakaanza kuvuma. Mzunguko wa tatu nilihesabu walio mbele yangu pale kwenye kona, nikajikuta kati ya wa kumi na sita na wa kumi na saba. Nahodha wetu nilimwona mbali kabisa, yuko wa pili. Kulikuwa na mwembe mmoja kando ya njia, na chini yake kivuli. Nikaenda kivulini. Hakuna aliyenisukuma, sikuanguka. Nilikaa tu.

Alipokuja yule wa huduma ya kwanza na kuniuliza, nilimwambia kifundo cha mguu kimeteguka. Akakifunga bandeji. Kila mtu akanipa pole. Nahodha wetu akanibebea mkoba mpaka kwenye gari. Mwalimu akasema ni bahati mbaya, ajali haina kinga. Na mimi nikachechemea wiki nzima shuleni, kuteremka ngazi kwa taabu, kupewa kiti cha mbele.

Mguu ulikuwa mzima.

Hilo ndilo jambo nililosema sijawahi kulisema. Sasa nifanye hesabu yake, maana nilikuwa siijui mpaka niliposoma habari za mwaka 2007. Wenzangu watatu walimaliza wa pili, wa tano na wa tisa. Jumla 16. Shule iliyochukua kikombe ilikuwa na wa kwanza, wa nane, wa kumi na mbili na wa kumi na tano. Jumla 36. Toa 16 katika 36, unabaki na 20. Ningemaliza wa ishirini tungelingana nao, na wangeshinda kwa sababu mtu wao wa nne alikuwa mbele yangu. Ningemaliza wa kumi na tisa jumla yetu ingekuwa 35, na kikombe kingekuja Likoni. Nilipokaa chini ya mwembe nilikuwa wa kumi na saba. Ningeweza kupitwa na wasichana wawili na bado tushinde! Ningeweza kutembea sehemu ya njia. Kikombe kile kingalimaanisha timu nzima kwenda mbele kwenye mashindano ya kaunti. Badala yake alikwenda nahodha peke yake, kama mtu binafsi, na alirudi akasema hakuwa na wa kuzungumza naye ndani ya basi.

Ndio maana nilifunga kitabu.

Nilipokifungua tena nilitaka kujua hawa chipukizi wa Mombasa walifika wapi, na hapa habari ni nyingi. Linet Masai miaka miwili baadaye, mwaka wa 2009, alikuwa Berlin katika mita 10,000 za mashindano ya dunia. Meselech Melkamu wa Ethiopia, ambaye hapa Mombasa alikuwa wa tatu kwa wanawake wakubwa, alikuwa mbele yake wakikaribia utepe. Linet akampita kwenye hatua za mwisho kabisa, kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Baada ya kilomita kumi, sehemu ya kumi ya sekunde! Asbel Kiprop alihamia mita 1,500 akapata dhahabu ya Olimpiki ya 2008 baada ya aliyemtangulia kunyang'anywa kwa dawa, kisha akawa bingwa wa dunia 2011, 2013 na 2015. Ingependeza niishie hapo, ila ukweli una miguu yote miwili: mwaka wa 2017 yeye mwenyewe alipimwa akakutwa na dawa iliyopigwa marufuku, akafungiwa miaka minne. Alikana. Mimi si hakimu, lakini nilisikitika kama mtu wa nyumbani kwangu.

Lakini anayenivutia kuliko wote siku ile ni msichana aliyemaliza wa tano katika mbio za wasichana chipukizi. Aliitwa Genzebe Dibaba, Mwethiopia, na alikuwa na miaka 16. Dadake mkubwa, Tirunesh, alikimbia mbio za wakubwa siku hiyo hiyo akawa wa pili nyuma ya Lornah Kiplagat, aliyezaliwa Kenya na kukimbilia Uholanzi. Fikiria wewe ni mdogo wa Tirunesh Dibaba, umevaa rangi zile zile, na watu wote wanatazama kama damu ni moja. Akamaliza wa tano. Mwaka uliofuata alishinda, na mwaka wa 2009 akashinda tena. Baadaye akawa malkia wa zile mbio za ndani ya jumba nilizozitaja mwanzo, na mwaka wa 2015 akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 ya uwanjani, dakika 3 na sekunde 50.07.

Aliyeivunja rekodi hiyo mwaka wa 2023 ni Faith Kipyegon wetu. Naye alianzia wapi? Mwaka wa 2010, katika mbio za nyika za chipukizi kule Poland, akiwa na miaka 16, akikimbia miguu mitupu. Unajua alimaliza wa ngapi? Wa nne. Kenya ikapata dhahabu ya timu. Mwaka uliofuata alishinda yeye.

Mashindano haya yalirudi Afrika Mashariki mwaka wa 2017, huko Kampala, na mshindi wa wavulana chipukizi alikuwa Jacob Kiplimo wa Uganda mwenye umri wa miaka 16, nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Lakini siku hiyo hiyo kulikuwa na kisa kingine. Joshua Cheptegei, Mganda mwenzake, alikuwa anaongoza mbio za wakubwa, umati umeshaanza kusherehekea, na kwenye mzunguko wa mwisho miguu ikamkataa. Alikuwa anayumba kama mlevi. Wakampita mmoja, wawili, kumi, ishirini. Alimaliza wa 30. Nasisitiza: alimaliza. Aarhus mwaka wa 2019 alirudi akachukua taji. Na nisimdhulumu Bekele pia, maana mwaka mmoja tu baada ya kusimama hapa kwetu alikwenda Edinburgh akashinda, tena baada ya kiatu kumletea shida njiani. Sijui nimpende yupi kati ya hawa wawili. Nafikiri ninamheshimu Cheptegei na ninamwelewa Bekele.

Niseme kidogo juu ya kushiriki, kisha niwaache. Kuna msemo unaozunguka hapa shuleni kwamba mbio si za watu wa Pwani, mbio ni za Bonde la Ufa, sisi tuachiwe mpira na kuogelea. Nauliza: nani wetu amejaribu? Timu ya wavulana mwaka huu ilipata watu watano kutoka wanafunzi mia kadhaa. Ya wasichana, sita kwenye karatasi na wanne kwenye gari. Kule wanakotoka mabingwa, watoto mamia hukimbia mbio za shule kila muhula, na kati ya mamia hao ndio hupatikana mmoja wa kwenda mbele. Sisi tunachagua bingwa kati ya watu wanne halafu tunashangaa. Ni kama kuvua kwa ndoana moja na kulaumu bahari.

Na wazazi wanaokataza mabinti zao nawaelewa, sitaki kuwatukana kwenye karatasi. Lakini mavazi yanazungumzika, na mwalimu yuko tayari kwenda nyumbani kwa mtu kuzungumza. Mama wa yule mwenzetu aliyezuiwa ameshasema ataruhusu ikiwa mazoezi yataisha kabla ya magharibi na ikiwa watarudi wawili wawili. Hilo tumelikubali.

Kabla ya kuupeleka huu mswada kwa mhariri nilimwendea nahodha wetu, kwa sababu haikuwa haki asome mambo yake mwenyewe jaridani pamoja na kidato cha kwanza. Nilimkuta chini ya mkwaju nyuma ya maabara anakula viazi karai. Nikamweleza yote, mwembe, kifundo, bandeji. Alimaliza kiazi chake kwanza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Bandeji ilikuwa mguu wa kushoto. Wewe ulipanda gari ukichechemea wa kulia."

Sikuwa na jibu. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alikuwa anangoja kuona nitasema lini mwenyewe, na kwamba alikuwa amekaribia kuchoka kungoja. Kisha akaniuliza kama Jumanne nitakuja mazoezini au mguu bado unauma. Mwalimu wa michezo nilimwendea siku hiyo hiyo. Yeye hakucheka. Alinipa kazi ya kubeba chupa za maji za timu muhula mzima, na kukimbia.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi kamili, ufuoni Shelly siku ambazo maji yamepwa na uwanjani siku ambazo yamejaa. Karatasi ya majina ya wasichana imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi. Mpaka ninapoandika haya ina majina matano, likiwemo la yule ambaye mamake amekubali. Langu liko la nne, nimeliandika hapo makusudi. Mstari wa sita uko wazi.